Paa Lililokula Moshi

Mlikuja juzi na mchoro wenu, mkautandaza kwenye meza yangu ya kulia, mkaweka kikombe kila pembe ili usijikunje. Maktaba ndani ya parc, ile bustani ya msitu, mkasema, katikati ya miti, bila jenereta, isiyoharibu msitu. Mkaniuliza mimi mama mzee kama nimewahi kuona kitu cha namna hiyo. Nilicheka mpaka nikakohoa. Wanangu, ujana wangu wote nilifanya kazi ndani ya kitu cha namna hiyo, na hakuna aliyekiita kwa hayo majina yenu mazuri. Watu wa Kisangani walikiita nyumba ya samaki.

Sikuwajibu siku ile kwa sababu jibu ni refu na ndani yake kuna aibu yangu. Leo nimeketi, nawaandikia. Someni polepole. Anayeruka kurasa ili afike mwisho hafai kazi ya maktaba, aende akauze sukari sokoni.

Nyumba ilikuwa upande wa mto Tshopo, ndani ya kipande cha msitu ambacho mji ulikizunguka bila kukikata. Kuta za udongo, unene wake mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole. Madirisha mapana bila vioo, yenye wavu tu, na baraza pana nje yake ili mvua isifike. Paa lilikuwa la ndele, yale majani ya porini yanayoshonwa kwenye fito, safu juu ya safu, na chini ya paa kulikuwa na dari ya mikeka. Umeme hakuna. Msomaji aliyetaka kuendelea jioni alihamisha kiti chake kufuata mwanga, ndiyo maana viti vyetu vilikuwa vyepesi.

Niliingia pale msichana mwenye cheti, binti wa fundi cherehani wa Kiislamu, miaka ile nchi ilipoitwa Zaire, chama kilikuwa kimoja, na kila mtu aliitwa citoyen au citoyenne, yaani raia, apende asipende. Nilijua kupanga vitabu kwa namba. Kingine sikujua, ila nilijiona najua.

Aliyejua ni Papa Lisungi. Kwenye karatasi za kazi aliandikwa mlinzi. Alivuka kila asubuhi kwa pirogi, mtumbwi wa gogo, kutoka Lubunga ng'ambo ya mto mkubwa, kisha akatembea mji mzima kwa miguu, na bado alifika kabla yangu. Kusoma hakujua hata herufi moja. Wiki yangu ya kwanza alichomoa kitabu rafuni, akakifungua katikati, akakisogeza puani kwangu.

"Nusa, mama."

"Kinanuka kitabu, Papa."

"Hapana. Iko inanuka maji. Hii kitabu iko mugonjwa, na wewe unaiweka karibu na benzake. Utaua bote."

Nilimwona mzee anajisumbua. Siku tatu baadaye kitabu kile kilitoka madoa ya kijani, na jirani zake wawili nao wakaanza. Nikajifunza kunusa.

Basi shikeni haya, ni ya bure. Kitabu chenye unyevu hakianikwi juani, jua linakipinda mgongo. Kinasimamishwa barazani, kimefunguliwa kidogo, upepo ukipita kati ya kurasa. Rafu isiguse ukuta, acha nafasi ya ngumi mbili. Miguu ya rafu isimame ndani ya makopo ya majivu, na majivu yabadilishwe kila yanapogandamana. Gonga mbao kwa kifundo cha kidole kila Jumatatu. Mchwa akiwa ndani, sauti inarudi tupu. Na msivibane vitabu hata kama nafasi ni ndogo. Papa Lisungi alisema kitabu kina mapafu. Nilimcheka kwa hilo pia.

Sasa paa. Ingieni jikoni kwa bibi yeyote wa kijijini, tazameni juu. Paa la jikoni ni jeusi, linang'aa, lina umri mkubwa kuliko wajukuu. Paa la chumba cha kulala ndilo linalooza mapema. Kwa nini? Moshi. Ndele isiyopata moshi, wadudu wanaisaga ikawa unga ndani ya misimu miwili, mitatu. Sasa maktaba haina jiko. Papa Lisungi akaiona hiyo shida kabla ya wote wenye vyeti, akaleta jiko.

Nyuma ya nyumba, nje ya ukuta mnene usio na dirisha, alijenga kibanda chenye chanja za kukaushia samaki. Moshi ulipanda kwa njia ya udongo aliyoifinyanga mwenyewe, ukapita kati ya dari ya mikeka na ndele, ukatokea juu kabisa kwenye kilele cha paa. Vitabu havikuuona. Wenye samaki walikuwa wamama wa kule mtoni, mkubwa wao akiitwa Mama Bolumbu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvusha mto. Jumanne na Ijumaa walikuja na vikapu vyao. Kuni walitumia matawi yaliyoanguka yenyewe tu, na kabla ya kuwasha, Papa Lisungi alipitia kila kuni mkononi. Mti unaotema cheche aliutupa nje. Hakuna tawi bichi lililokatwa, na njia za parc zilikuwa safi kwa sababu yao. Moto mdogo, moshi mwingi, na mtu mmoja akiulinda mpaka unapozimwa kwa maji. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria.

Harufu ilikuwepo, sitaficha. Mwalimu mmoja alirudisha kitabu cha jiometri akilalamika kwamba paka wake amekilalia siku nne na hataki kuondoka. Nikamwambia, citoyen, walau kuna mmoja nyumbani kwako anayependa jiometri. Wamama nao, wakingoja samaki wakauke, waliniita niwasomee kwa sauti. Nilisimama kwenye pembe ya baraza na kitabu, wao wakigeuza samaki. Mama Bolumbu alibishana na kila kitabu nilichomsomea, na Ijumaa alinifungia samaki wawili kwenye jani. Nilikula. Nataka mkumbuke hilo, kwamba nilikula.

Kulikuwa na kitu kingine, na ndicho ninachotaka kuwaambia kwa kweli.

Wasomaji, hasa wanafunzi, walizoea kumuuliza Papa Lisungi majina ya miti. Alijua mti kwa mti: unaitwaje, gome lake linaponya nini, ndege gani analala juu yake, nani alizikwa karibu. Nikaona, huyu ni maktaba bila karatasi. Jumatano mchana tulipofunga, tulizunguka pamoja, yeye akisema, mimi nikiandika kwa Kiswahili. Zikawa daftari nne. Ya kwanza ilikuwa ya miti ya upande wa barabara, ya pili ya mlimani, ya tatu ya kwenye kinamasi, ya nne ya ukingo wa mto. Hakuna kitabu kilichoazimwa zaidi ya hizo daftari. Watu walitembea parc nzima wakizisoma, wakisimama mbele ya kila mti.

Yeye alinitania. "Wewe mama, unaweka maneno kwenye karatasi kusudi kichwa kilale. Ukishaandika, unasahau."

"Na wewe Papa usipoandikwa, ukifa je?"

"Nikikufa, bon, wewe utasema. Lakini useme na kinywa. Rudilia: huu iko mti gani?"

Sikurudilia. Nilikuwa nimekwisha andika, nirudilie ya nini?

Halafu nikatumwa Kinshasa kwa mafunzo ya miezi michache. Nikafundishwa mema mengi, na pia kwamba karibu na kitabu hakiwekwi chakula, maji, wala moto, kamwe. Niliporudi nikaanza kuona haya juu ya kibanda chetu. Sikukibomoa, ila wageni wa maana wakija niliwapitisha upande wa mbele.

Siku moja ikaja habari kwamba wakubwa wa chama watatembelea parc. Mkurugenzi wetu, mtu wa Makiso, katikati ya mji, aliyekuwa hafiki kwetu mara mbili kwa mwaka, akaja kukagua. Alivaa abacost iliyonyooka, ile suti ya wakati wa chama isiyo na tai, leso mkononi. Ilikuwa Ijumaa. Alizunguka nyumba, akakuta moto, samaki, na Mama Bolumbu ameketi kwenye kigoda akicheka.

"Citoyenne," akaniita, na leso puani. "Nani amewasha moto kwenye ukuta wa vitabu vya taifa?"

Nilikuwa nimesimama kati yake na Papa Lisungi. Ningeweza kusema: tumewasha sote. Ningeweza kusema: mimi ndiye msimamizi, na nimeuruhusu miaka yote hii kwa sababu unalinda paa. Ilikuwa kweli na nilijua ni kweli. Nikaona cheti changu, nikaona mafunzo yangu, nikaogopa.

"Ni Papa Lisungi, citoyen directeur. Nimemkataza mara nyingi."

Sikuwa nimemkataza hata mara moja. Papa Lisungi alichukua ndoo. Akamwagia moto maji, kisha akasimama akiangalia chini. Mkurugenzi akaniambia niandike ripoti, nikaandika hapohapo kwenye meza yangu, nikatia sahihi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana siku ile. Wiki ile Papa Lisungi akaachishwa kazi.

Mnajua salongo? Jumamosi sote tulitoka na mapanga na majembe, kazi ya pamoja ya lazima, na anayekosa jina lake linaandikwa. Salongo iliyofuata ilipangwa kwetu, na kazi ilikuwa kubomoa kibanda. Mama Bolumbu aliitwa naye na jembe lake, abomoe chanja zake mwenyewe. Alipomaliza alinijia karibu.

"Samaki yangu ulikula," akasema. "Moshi yangu ndiyo imekushinda?"

Akaweka jembe begani, akaondoka.

Wakubwa walipita, wakakaa muda wa kunywa soda moja, wakaondoka. Kwa ajili yao mkurugenzi alikuwa ameleta kabati la chuma la kijivu, lenye ufunguo. Ndilo kitu kipya pekee tulichopata. Na mimi nikafikiri, kitu cha thamani kuliko vyote hapa ni kipi? Nikazitia zile daftari nne ndani, nikafunga, ufunguo nikaufunga kwenye pembe ya kitambaa changu cha kiunoni. Mtu akitaka kuzisoma nilimwambia ziko salama. Nilijisikia vizuri kidogo, kwamba mzee nimemtendea vibaya, lakini maneno yake nayalinda.

Mwaka haukuisha, ndele ikaanza kunyunyiza unga. Kila asubuhi meza zilikuwa na vumbi la kahawia. Niliandika barua kuomba mabati, nikajibiwa kwamba ombi linashughulikiwa. Mvua kubwa zilipokuja, dari ya mikeka ikaloa, ikainama, ikapasuka juu ya rafu za mwisho. Tulipoteza vitabu vingi, lakini vile vya rafu wazi, vyenye nafasi ya kupumua, tulivisimamisha barazani, na vingi vilipona. Tulifanya kama Papa Lisungi alivyotufundisha.

Mvua zilipotulia ndipo nikalifungua kabati.

Wanangu, chuma kinatoka jasho. Kinapoa usiku, kinapashwa mchana, na maji yanatiririka ndani yake hata kama mvua haijakigusa. Nilifunga daftari nne ndani ya jasho lile mwaka mzima bila kufungua mlango hata kidogo. Zilikuwa zimeshikana zikawa tofali moja lenye manyoya meupe. Wino ulikuwa umekimbia wote. Nilijaribu kutenganisha kurasa kwa ubao mwembamba, zikaniachia nyuzi vidoleni. Nikakaa chini sakafuni, nikalia kwa sauti, mpaka msomaji mmoja akatoka nje kwa kuniheshimu.

Kesho yake nilivuka kwenda Lubunga. Nilimkuta Papa Lisungi kwenye shamba lake la mihogo, amekonda, kikohozi kimemshika. Mke wake alinipa kigoda lakini hakunisalimu. Nikafungua kitambaa, nikamwekea lile tofali miguuni.

Alilichukua, akalinusa. Ndiyo, alilinusa.

"Hii ulifungia wapi?"

"Kwenye kabati la chuma, Papa."

"Aa," akasema, polepole. "Uliinyima pumuzi."

"Papa, nisamehe. Nimekuja kukuomba useme tena. Nitaandika upya yote."

Alikohoa kwa muda mrefu. Nilidhani atanifukuza, na ningeona ni haki.

"Nitasema," akasema. "Miti haijatoka mahali yake. Lakini wewe utasema kwanza. Ile maneno uliyosema kwa directeur, kwamba ulinikataza. Watu wote walisikia. Watoto yangu walisikia. Kwenda, usahihishe mbele ya batu. Alafu njoo, tutatembea."

"Papa, wataniondoa kazini."

"Mimi waliniondoa," akasema. "Niko hapa. Mihogo iko inaota."

Nilirudi na pirogi. Ninyi wa leo mnasema lolote kwenye simu zenu na mnalala. Enzi zile kumpinga mkubwa mbele ya watu hakukuwa kitu cha kuchezea, mtu aliweza kuitwa kwa maswali na nyumbani wasimwone tena. Nilikuwa na mama mjane aliyenitegemea. Niliyumba Jumamosi mbili nzima, nikienda salongo na kurudi bila kusema.

Jumamosi ya tatu tulikuwa mbele ya maktaba, tukisafisha mitaro. Mkurugenzi mwenyewe alikuwepo, amekuja kuona lile paa ambalo sasa mji mzima ulilisema. Kabla kazi haijaanza, walipomaliza kuimba na kucheza kwa sifa za chama, niliinua mkono. Wakadhani nataka kuongeza wimbo.

"Citoyens," nikasema, "mimi ndiye niliyeruhusu moto ule. Papa Lisungi sikumkataza hata siku moja. Niliandika uongo na nikautia sahihi. Moshi ule ndio ulikuwa unalinda paa. Tazameni juu, mtaona."

Watu wote wakatazama juu. Hata mkurugenzi alitazama. Halafu nikasikia ile sauti ya kuvusha mto: "Eee, mama! Umechelewa, lakini umefika!"

Mkurugenzi hakunijibu mbele ya watu. Barua ilikuja baadaye, nimeshushwa kutoka usimamizi mpaka kufagia, nyumba ileile. Papa Lisungi hakurudishwa kazini. Ila kuhusu moshi hakuna aliyeandika lolote, wala kuukubali wala kuukataza. Basi ndele mpya ikashonwa siku za salongo, na Ijumaa moja Mama Bolumbu akaja na kikapu chake, akajenga chanja palepale, akawasha. Miaka mingi nilifagia chini ya paa lile. Lilikuja kuwa jeusi kama linavyotakiwa.

Na Papa Lisungi alitimiza ahadi. Jumatano alivuka, akishika fimbo sasa, akipumzika kila baada ya miti mitatu. Safari hii alinikataza kuandika tukiwa njiani. Alisema jina, nikalirudilia mara tatu kwa kinywa, mkono wangu ukiwa juu ya gome, na tukirudi barazani ndipo niliandika. Tukamaliza upande wa barabara. Tukamaliza mlima. Kinamasi kilituchukua wiki nyingi kwa sababu ya miguu yake. Siku tulipokimaliza aliketi, akaniambia, "Jumatano tunashuka kwa mto. Kule ndiko miti ya wazee kabisa."

Jumatano nilimngoja mpaka mchana. Kisha nikavuka mimi. Nilipokuwa bado kwenye pirogi niliona watu wengi nyumbani kwake, mikeka imetandikwa nje, na wanawake wamefunga vitambaa vya msiba. Nikajua kabla ya kufika. Mke wake alinisalimu siku ile, akanipa nafasi ya kukaa karibu naye.

Kwa hiyo daftari ni tatu. Zimo humu ndani, zimesimama kwenye rafu iliyo wazi, karibu na dirisha. Mtazichukua mkijenga nyumba yenu. Kwenye mchoro wenu nimeongeza kibanda nyuma, kwa kalamu nyekundu, msikifute. Na lile kabati la vioo mlilochora kwa ajili ya vitabu vya thamani, hilo nimelikata.

Juzi mlipoondoka niliomba mjukuu wangu anipeleke mtoni. Nilisimama mbele ya ule mti mkubwa wa ukingoni, wenye gome jekundu na mizizi mirefu kunishinda. Najua utomvu wake unavyonata, najua ndege anayelala juu yake. Papa Lisungi aliniambia jina lake tukiwa tumesimama palepale, miaka ile ya mwanzo, nami nililiandika kwa mkono wangu huu, kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini yake. Nikaweka kiganja juu ya gome, nikafungua kinywa nilitaje. Sikuwa nalo.